Mpiga chusa, fundi mapipa au nahodha: ungechagua kazi gani katika meli ya nyangumi ya Nantucket?

Meli za Marekani zilizowinda nyangumi mwanzoni mwa karne ya 19 hazikuwa na maisha ya aina moja ndani yake. Watu ishirini na kitu waliondoka gati moja siku moja, wakala nyama ya chumvi ya pipa moja, wakarudi pamoja baada ya miaka 2 au 3. Hata hivyo mmoja alirudi na uwezo wa kujenga nyumba, na mwenzake akarudi na deni. Kwa hiyo ukiwa mwandishi unayetafuta mhusika, mwalimu unayetaka wanafunzi wamfuate mtu mmoja safari nzima, au msomaji unayejiuliza tu ungesimama wapi wewe mwenyewe, itakubidi uchague kazi.

Nitalinganisha kazi nne: baharia mgeni, mpiga chusa, fundi mapipa na nahodha. Wengine nitawagusa kwa ufupi. Mfano nitakaorudi kwake mara nyingi ni meli ya Essex, iliyong'oa nanga Nantucket, kisiwa cha jimbo la Massachusetts, tarehe 12 Agosti 1819, ikiwa na watu 21. Tarehe 20 Novemba 1820, katikati ya Pasifiki, nyangumi aliigonga mara mbili ikazama. Nimeichukua hiyo kwa sababu majina ya watu wake yanajulikana, na yaliyompata karibu kila mmoja yanajulikana pia.

Msimamo wangu nautoa mapema. Wengi huangalia fungu la mtu peke yake. Mimi nasema angalia kwanza alikuwa amesimama wapi nyangumi anapoibuka.

Fungu

Hakuna aliyelipwa mshahara wa mwezi. Kila mtu aliweka saini ya fungu, yaani sehemu ya mapato ya safari nzima. Mvuvi wa pwani yetu ataelewa mara moja, kwa kuwa naye hugawa samaki kwa mafungu: la chombo, la nyavu, la mabaharia. Haya ndiyo mafungu yaliyozoeleka katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, ingawa yalipanda na kushuka kutoka meli hadi meli:

| Kazi | Fungu | Alipolala | Nyangumi anapoonekana |
|---|---|---|---|
| Nahodha | karibu 1/12 hadi 1/18 | nyuma, chumba chake mwenyewe | huamua. Mara nyingi huongoza mashua |
| Fundi mapipa | karibu 1/50 hadi 1/60 | chumba cha kati | hubaki melini |
| Mpiga chusa | karibu 1/75 hadi 1/90 | chumba cha kati | mbele kabisa ya mashua |
| Baharia mgeni | karibu 1/175 hadi 1/200 | chumba cha mbele | hupiga kasia |

Tufanye hesabu. Tuseme meli imerudi na mapipa 1,500 ya mafuta, na kila pipa lilihesabiwa galoni 31 na nusu. Hizo ni galoni 47,250. Tuseme kila galoni imeuzwa dola moja, ili hesabu iwe nyepesi. Nahodha wa 1/15 anapata dola 3,150. Fundi mapipa wa 1/55 anapata dola 859. Mpiga chusa wa 1/80 anapata dola 590. Baharia mgeni wa 1/175 anapata dola 270, na kama safari ilikuwa ya miaka 3, hiyo ni dola 7 na nusu kwa mwezi.

Na hizo ni kabla ya makato. Yule kijana alikuwa amekopeshwa nguo, kisu na blanketi hata kabla ya kupanda melini. Huko baharini nahodha alikuwa na sanduku la kuuzia mabaharia tumbaku, suruali na viatu, kwa bei ambayo hapakuwa na duka la pili la kuishindania. Deni likaandikwa, riba ikaongezwa. Wapo waliokaa baharini miaka mitatu wakashuka na dola chache mfukoni, na wapo waliolazimika kusaini safari nyingine ili kulipa iliyopita. Wampanoag, wenyeji wa asili wa Nantucket, walivutwa kwenye kazi hii kwa madeni ya namna hiyohiyo tangu siku za mwanzo, na waliendelea nayo hadi ugonjwa wa mwaka 1763 na 1764 ulipoua 222 kati yao, zaidi ya nusu ya waliokuwa wamebaki kisiwani.

Baharia mgeni

Huyu ndiye wa kuchukua ukitaka kuonyesha meli ilivyo kwa macho ya asiyejua chochote. Mara nyingi alikuwa kijana wa shamba wa bara, asiyejua foromali wala tanga. Wiki ya kwanza alitapika. Baadaye akapandishwa juu ya mlingoti kukaa zamu ya saa mbili, akitafuta moshi wa pumzi ya nyangumi katika bahari isiyo na mwisho.

Mashua iliposhushwa, ilibeba watu sita: afisa nyuma akishika kasia la kuongozea, mpiga chusa mbele, na wapiga makasia wanne katikati. Ilikuwa mashua nyepesi ya mbao za mwerezi, iliyochongoka pande zote mbili, yenye urefu wa mita 8 na zaidi kidogo. Sasa fikiria amekaa vipi yule kijana. Mpiga makasia huipa mgongo njia anayokwenda. Anavuta kwa nguvu zake zote kumwelekea mnyama mkubwa kuliko mashua yake mara mbili, na hamwoni. Aliamriwa asigeuke. Alichokiona ni uso wa afisa tu, na katika uso huo ndimo aliposoma kama bado wako mbali au wamefika. Sijui kazi nyingine iliyomtaka mtu amwamini mwenzake kiasi hicho kwa 1/175.

Nyangumi akishakufa, kazi ya baharia ndiyo kwanza inaanza. Mzoga ulivutwa kwa makasia hadi melini, wakati mwingine kwa saa nyingi. Shahamu ilimenywa kwa vipande virefu, ikakatwakatwa, ikachemshwa katika vyungu viwili vya chuma vilivyojengewa tanuri la matofali juu ya sitaha. Moto ulichochewa kwa makapi ya shahamu yenyewe, usiku na mchana, zamu kwa zamu, na sitaha yote ikawa utelezi mtupu. Tanuri hilo ndilo lililofanya safari ziwe za miaka: kabla ya katikati ya karne ya 18, wakati shahamu ilipelekwa nchi kavu kuchemshwa, meli haikuweza kukaa mbali muda mrefu.

Faida ya kazi hii ni moja: haikuhitaji ujuzi. Kijana mwerevu angeweza kuwa mpiga chusa safari iliyofuata. Lakini kati ya kazi zote nne, yeye alibeba hatari ile ile ya mashua kwa fungu dogo kuliko yote. Simshauri mtu.

Mpiga chusa

Vijana wengi wangechagua hii, na naelewa kwa nini. Ndiye anayesimama. Wengine wamekaa na makasia, yeye anainuka mbele ya mashua, goti limekazwa kwenye ubao uliochongwa kwa ajili hiyo, na kurusha vyusa viwili mfululizo akiweza.

Wengi hawajui kwamba chusa hakiui nyangumi. Kinamfunga tu. Kamba ndefu ya mamia ya mita inachomoka kutoka kwenye beseni la mbao ilimozungushwa, inapita kwenye kigingi cha nyuma kwa kasi ya kutoa moshi, na mtu anaimwagia maji. Mkono au mguu ukinaswa na kamba hiyo, mtu amekwenda nayo. Kisha, nyangumi akiwa anakimbia na mashua ikiruka mawimbi, mpiga chusa anakwenda nyuma kushika kasia la kuongozea na afisa anakuja mbele kushika mkuki mrefu wa kuulia. Wanapishana katikati ya watu wanne na kamba inayokimbia. Sioni maana ya desturi hiyo isipokuwa kwamba heshima ya kuua iliwekwa kwa afisa. Mpiga chusa alifanya sehemu ngumu ya kwanza, mkubwa wake akaandikiwa nyangumi.

Tena kabla ya kusimama, alikuwa anapiga kasia kama wengine. Alitakiwa kurusha akiwa hoi. Akikosa mara nyingi, alishushwa cheo.

Chusa chenyewe kilikuwa dhaifu pia. Katika miaka ya Essex ncha yake ilichomoka mara nyingi. Aliyelitatua hilo ni Lewis Temple, mhunzi mweusi wa New Bedford, mwaka 1848, kwa chusa chenye ncha inayogeuka na kukaa mkingamo ndani ya nyama. Hakukisajili kuwa chake, na mafundi wengine wakakitengeneza wakatajirika. Nalitaja hili kwa uchungu, maana hakuna kifaa kilichobadilisha kazi hii kama hicho.

Mpiga chusa alilala chumba cha kati, mbali na msongamano wa chumba cha mbele, alikula vizuri kidogo, na mlango wa uafisa ulikuwa wazi kwake. Essex ilikuwa na watatu: Benjamin Lawrence, Obed Hendricks na Thomas Chappel. Lawrence na Chappel waliokoka. Hendricks alipewa mashua ya afisa wa pili aliyefariki, ikapotelea baharini na wote waliokuwamo. Chappel ndiye yule aliyewasha moto kwa mzaha katika kisiwa cha Floreana, Galapagos, moto ukateketeza sehemu kubwa ya kisiwa. Ukitaka mhusika jasiri na mwenye makosa ya ujana, hapa ndipo pa kumtafutia.

Fundi mapipa

Sasa nimefika kwa niliyemchagua mimi.

Wahenga wa pwani walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Katika meli ya nyangumi hilo lilikuwa kweli kwa maana yake ya wazi kabisa: chochote kilichouawa baharini na kuchemshwa sitahani kiliishia ngamani, ndani ya pipa, na pipa lilikuwa la huyu mtu. Alibeba mbao zilizokwisha kupindwa na kufungwa vifurushi, pamoja na pete za chuma, akayaunga mapipa kadiri mafuta yalivyopatikana. Mengine yalitoka bandarini yakiwa na maji, nyama na biskuti ngumu. Yakishakuwa tupu, aliyatengeneza upya kwa mafuta. Ngamani mapipa yalimwagiwa maji ya bahari mara kwa mara ili mbao zivimbe na kuziba, kisha maji yale yakapampiwa nje yakitazamwa. Yakitoka na mafuta, kuna pipa linavuja, na lazima litafutwe hata ikibidi kuhamisha shehena. Pipa moja likipasuka, kazi ya watu wote inamwagika. Kwa sababu hiyo hata nahodha aliongea naye kwa adabu.

Mashua ziliposhushwa, yeye alibaki. Pamoja na mpishi na mmoja wawili wengine aliitunza meli, akaiongoza kufuata mashua, akaangalia kutoka juu nyangumi anaelekea wapi. Hakupishana na mtu juu ya kamba inayokimbia. Fungu lake likamshinda mpiga chusa. Na aliposhuka nchi kavu alikuwa na ufundi uliohitajika kila mahali, kwa maana dunia yote ya wakati huo ilisafirisha vitu kwa mapipa, kuanzia unga hadi misumari.

Kasoro zake ni mbili. Ya kwanza, huwezi kuichagua kazi hii ukiwa umesimama gatini. Unaichagua miaka kadhaa nyuma, unapokubali kuwa mwanagenzi katika karakana. Ya pili, ni njia isiyopanda. Nahodha wengi walitoka kwa wapiga chusa na maafisa, si kwa mafundi mapipa. Anayeota kuongoza meli yake asije huku. Na kwa mwandishi wa hadithi kuna taabu nyingine: yeye hayuko pale damu inapomwagika. Ila ukimpa nafasi, ataona kila kitu kinachotoka na kinachorudi.

Mpishi alifanana naye kwa kubaki melini, lakini fungu lake lilikuwa dogo na matusi ya watu wote yalimwangukia. Kijana wa kutumwa alikuwa wa mwisho kwa malipo. Thomas Nickerson wa Essex alikuwa na miaka 14 alipoondoka Nantucket, na ndiye aliyeshika usukani dakika ile nyangumi alipoigonga meli. Kwa jicho la mtoto linalokumbuka kila kitu, ni vigumu kumpata aliye bora kuliko yeye.

Nahodha

Fungu kubwa, chumba chake, chakula kilichoandaliwa mezani. Na uzito wote. George Pollard alikuwa na miaka 28 alipokabidhiwa Essex, safari yake ya kwanza kama nahodha. Meli ilipozama, watu 20 waliingia katika mashua tatu. Pollard alitaka waelekee visiwa vya Society, upande ambao upepo ungewasaidia. Afisa wa kwanza Owen Chase na afisa wa pili Matthew Joy wakapinga, wakiogopa kwamba wenyeji wa huko wanakula watu. Nahodha akakubali. Wakaelekea Amerika Kusini, safari ndefu mno kwa chakula kile, na mwisho wao wenyewe ndio waliokula wenzao waliokufa. Katika mashua ya Pollard walipiga kura. Ikamwangukia Owen Coffin, kijana wa ukoo wake mwenyewe. Pollard aliokolewa tarehe 23 Februari 1821, siku 95 baada ya meli kuzama.

Walimpa meli nyingine, Two Brothers. Mwaka 1823 ikapanda mwamba karibu na Hawaii ikapotea. Hakupewa ya tatu. Aliishi miaka yake iliyobaki Nantucket akiwa mlinzi wa usiku.

Afisa wa kwanza yuko katikati: fungu zuri, mkuki mkononi, na lawama nusu. Chase alikuwa na nafasi ya kumchoma nyangumi yule alipokuwa ametulia kando ya meli, akasita kwa sababu mkia ulikuwa karibu na usukani na angeweza kuuvunja. Uamuzi wa busara kabisa, na ndio uliompa nyangumi nafasi ya kurudi. Ukitaka mhusika anayebeba swali maisha yake yote, mchukue Chase kabla ya Pollard.

Kabla ya kazi, angalia meli

Hadi hapa nimelinganisha kazi kana kwamba mtu yeyote angeipata yoyote. Haikuwa hivyo. Kati ya watu 21 walioondoka na Essex, weusi walikuwa 7, na walilala chumba cha mbele huku vijana wa Nantucket wakiwekwa cha kati. Wakati wa kuzama walikuwa wamebaki 6. Wote 6 walikufa. Waliookolewa mashuani walikuwa 5, na wote walikuwa watu wa Nantucket. Wengine 3 waliokolewa katika kisiwa cha Henderson, ambako mashua zilitua njiani na wao wakachagua kubaki. Waliolishwa vibaya zaidi kabla ya ajali ndio walioishiwa nguvu mapema baada yake. Mimi sioni bahati mbaya hapo.

Linganisha na Industry, iliyoondoka Nantucket mwaka 1822. Nahodha wake, Absalom Boston, alikuwa mweusi, na mabaharia wote walikuwa weusi. Walikaa baharini miezi sita, wakarudi na mapipa 70 tu. Kwa fedha ilikuwa safari duni. Lakini walirudi wote. Absalom alitoka katika ukoo uliojua thamani ya fungu: mwaka 1773 baba yake mdogo Prince Boston, aliyekuwa mtumwa, alirudi kutoka kuwinda nyangumi akalipwa fungu lake mkononi mwake mwenyewe badala ya kulipwa bwana wake. Familia ya bwana ikaenda mahakamani, ikashindwa. Kwa Prince Boston sehemu ile ndogo ya mafuta ilikuwa na uzito kuliko 1/15 ya nahodha yeyote.

Kwa hiyo anayeniuliza namjibu hivi: kama una ufundi, kuwa fundi mapipa. Kama huna, na ni mweusi katika mwaka 1822, usipande Essex yoyote kwa sababu ya fungu. Tafuta Industry, hata kama itarudi na mapipa 70. Kama unaandika, mchukue Nickerson kwa macho yake au Chase kwa dhamiri yake.

Na kama umeshasaini na umejutia, ilikuwepo njia moja ambayo mabaharia wa ngazi zote waliijua, ya kuiacha meli bandarini. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, meli za nyangumi zilizoea kutia nanga Unguja kuchukua maji, kuni na chakula, na mwaka 1837 konsuli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, alipofika huko, mabaharia wagonjwa na walioachwa wakawa sehemu ya kazi yake. J. Ross Browne, kijana aliyejiunga na meli ya nyangumi mwaka 1842, aliachana na meli yake papo hapo Unguja, akarudi kwao na kuchapisha mwaka 1846 jinsi mabaharia walivyotendewa. Katika Essex aliyefanya hivyo ni Henry DeWitt, mmoja wa wale weusi 7. Alitoroka meli ilipotia nanga Atacames, pwani ya Ecuador, wiki chache kabla ya nyangumi. Alipoteza fungu lake lote.